Papa Aliyetolewa Kaburini

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilibadili nia katika ofisi ya parokia, mjini Mahajanga. Nilikuwa nimeomba barua ya kuhamisha mifupa ya mke wangu kutoka kisiwa cha Nosy Be, lakini niliogopa kumsumbua. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekuja kulifuta ombi hilo.

Katekista alikuwa akimsimulia mama mmoja wa nyanda za juu habari za papa wa Roma wa zamani.

"Alipokwisha kuzikwa, walimtoa kaburini, wakamvika, wakamketisha kitini."

Mama akatabasamu. Kwao wafu hutolewa kwa nyimbo na kuvishwa sanda mpya.

"Walimpenda sana!"

"Hapana, mama. Walimshtaki, wakamvua mavazi, wakamtupa mtoni."

Mama akalivuta shuka lake mabegani. "Hakuna aliyemfuata?"

"Mtawa mmoja alimwokota. Akazikwa tena kwa heshima."

"Afadhali." Akanigeukia. "Na wewe, baba, unamfuata nani?"

"Mke wangu."

"Basi mchagulie sanda laini."

Sikulifuta tena ombi; nikaichukua barua. Miaka yote hii nilizicheka mila za watu wa nyanda za juu, nami nimesoma katekisimu nzima.

Ee Mungu, mpumzishe mke wangu, na papa yule aliyevikwa na watu wasiompenda. Amina.