Diski Mbili kwa Ajili ya Nyarugusu

Mama aliyenipa kazi alikuwa Mhindi mzaliwa wa Shinyanga mjini, na Kisukuma chake kilikuwa kizito kuliko changu. Mimi nilitoka kijijini, binti wa mkulima wa pamba. Siku niliyofika dukani kwake kuomba kazi nilimwamkia kwa Kiswahili changu cha shule. Akaitika marahaba, kisha akanigeuzia Kisukuma na kuniuliza kama kwetu mvua zimekuja vizuri. Tangu hapo sikuweza kumwita bosi. Nilimwita Mama, kama alivyoitwa na mtaa mzima.

Mbele ya duka palikuwa na studio ya picha, nyuma chumba cha video. Mumewe alikuwa amefariki, wanawe wanaishi ng'ambo, na kila walipopiga simu walimsihi afunge duka awafuate. Badala ya kufunga, alinunua kamera ya video akanikabidhi mimi. Kufikia katikati ya miaka ya tisini nilikuwa napiga video za harusi za Waislamu, harusi za kanisani, mahafali na misiba ya watu wakubwa, kutoka mjini mpaka Kahama. Kuna bibi harusi aliyesogeza mbele siku ya ndoa yake kwa sababu siku aliyoitaka nilikuwa nimeshachukuliwa. Nalisema hili bila haya, kwa kuwa ni kweli.

Kuhariri tulikuwa tunahariri kwa deki mbili. Moja inacheza kanda, nyingine inarekodi, na kidole changu kiko juu ya kitufe kikisubiri. Nilikizoesha kidole hicho mpaka mtu asingejua nimekata wapi. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo kidole hakikuweza kulitibu. Kila picha inapotoka kanda moja kwenda nyingine inachakaa. Nyekundu inavuja nje ya mipaka yake, nyuso zinakuwa kama zimefunikwa chandarua. Wenye harusi hawakulalamika. Walitaka kujiona wakicheza, na kucheza kulionekana.

Halafu wakaja wanawake wa machimbo ya Nyarugusu.

Walikuja watatu, wamepanda lori, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Walikuwa na kikundi cha kuponda mawe ya dhahabu. Mwenyekiti wao, mama wa makamo mwenye mikono mipana, ndiye aliyeeleza. Wakati wa mvua duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limeporomoka na kufukia wachimbaji, mmoja wao mdogo wake wa tumbo moja. Alituambia kwamba wachimbaji wengi walikuwa vijana wageni, wametoka mashambani juzi tu, hawajui kusoma ukuta wa shimo wala kupanga matimba, yaani magogo yanayozuia udongo usianguke. Mikutano ya usalama hawaji. Lakini kwenye kibanda cha video wanajaa kila siku. Kwa hiyo kikundi kilitaka mkanda wa video wa kuwafundisha, uonyeshwe kabla ya filamu za ngumi.

Mama alikubali kabla mwenyekiti hajamaliza. Nikaenda.

Nyarugusu wakati ule, wengi waliamini mwanamke akishuka shimoni dhahabu inakimbia. Sikwenda kubishana nao. Alikuwepo fundi wa matimba, mzee aliyekuwa ameanza kuchimba tangu ujana wake, na yeye alikubali kushuka na kamera. Tulikaa mchana kutwa nje ya banda lake nikimfundisha kuishika, kutembea nayo bila kuitikisa, kusogeza taa taratibu. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hasa kwa sababu alikuwa anaiogopa kamera kuliko shimo. Kesho yake tukaifunga vizuri kwenye mfuko, tukamteremshia kwa kamba.

Alichokileta juu sijapata kukisahau. Taa yake inapita ukutani polepole, na pale kwenye kona ya mwamba panaonekana ufa, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukishuka wima kisha ukipinda. Sauti yake inasema kwa utulivu kwamba ufa wa namna hii ukiuona, toka, na usirudi mpaka matimba yamesimama. Nilipoitazama kanda ile studio, nilijua kwamba mkanda wote ni ufa ule. Mengine ni maneno.

Nikahariri kwa deki, kama kawaida. Nikatoa nakala ya kibandani. Nikaitazama. Ukuta upo, taa ipo, sauti ya mzee ipo. Ufa haupo. Ulikuwa umemezwa na ule ukungu wa kanda juu ya kanda.

Nilimwita Mama aje aone. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akasogeza kiti mpaka pua yake ikawa karibu na kioo. Aliuliza watu wa miji mikubwa wanafanyaje. Nikamwambia nimesikia siku hizi wanaingiza picha kwenye kompyuta, wanakatia humo, na zikitoka zinatoka vilevile zilivyoingia.

"Nenda Mwanza ukachague," alisema.

Nilimwambia labda tumuulize mwanawe, aliyekuwa anasomea mambo hayo huko aliko.

"Mwanangu hajauona huo ufa. Wewe ndiye utakayekaa mbele ya hiyo mashine. Chagua wewe."

Sikwenda siku ile. Kwanza nilisoma. Niliazima majarida ya kompyuta kwa mwalimu mmoja wa sekondari, nikayasoma na kamusi pembeni. Nilichoelewa nilikielewa kwa njia ya nyumbani. Pamba ikitoka shambani unaiweka ghalani, lakini huwezi kuichambua humo. Unaitoa kidogo kidogo unaitandaza kwenye mkeka. Diski ndiyo ghala. Kumbukumbu ya kompyuta, ile wanayoiita ramu, ndiyo mkeka. Mkeka ukiwa mdogo unachambua kwa shida, lakini unachambua. Ghala likiwa dogo, pamba inabaki nje. Na kuna jambo la tatu ambalo majarida yalilitaja kwa kifupi tu: mlango wa ghala. Picha za video zinaingia kwa kasi, hazisubiri. Mlango ukiwa mwembamba zinamwagika.

Mwanza nilikwenda na kanda ya ufa kwenye mkoba. Katika duka la kompyuta nilipokewa na meneja kijana, msafi, mwenye tai. Alinionyesha mashine moja nzuri sana. Prosesa yake, ubongo wa mashine, ilikuwa mpya kabisa, skrini yake pana, spika zake mbili kubwa, na diski ilikuwa moja. Alisema ofisi zote kubwa zinachukua hiyo. Nikamwambia sina ofisi, nina video. Nikaomba tuijaribu kwa kanda yangu.

Hapo ndipo alipomwita fundi wao, Mzanaki mpole aliyekuwa anatengeneza kompyuta za kampuni za utafiti wa madini. Fundi yule naye alikuwa hajawahi kuunga mashine ya video, alisema hivyo waziwazi, na ninadhani ndiyo maana tulielewana. Alichomeka kadi ya kuingizia picha, tukaunganisha kamera, tukaanza kurekodi. Mwanzo ilikwenda vizuri. Baadaye kidogo picha ikaanza kuruka. Mkono wa mzee wa matimba, wenye taa, unapanda, halafu uko chini, katikati hakuna kitu.

Meneja alisema prosesa ya juu zaidi ingemaliza tatizo. Mimi nilikuwa natazama kile kitaa chekundu cha diski. Hakikuwa kinapumzika hata kidogo. Nikamuuliza fundi: diski hii si ndiyo inayobeba programu, na ndiyo hiyohiyo tunayoijaza picha? Inafanya kazi mbili kwa mlango mmoja. Tukiipa programu diski yake ndogo, na picha diski yao peke yao, yenye kasi, itakuwaje?

Fundi aliingia stoo akatoka na diski ya gigabaiti tisa iliyokuwa imeagizwa na mteja mwingine ambaye hakuja kuichukua, akaifunga, tukarudia. Tulisimama wote watatu tukitazama. Mkono wa mzee ulipanda wote, ukashuka wote. Taa yake ikafika kwenye kona, na ufa ukawepo wote, mpaka pale unapopinda. Niliirudisha ikacheza tena, si kwa kuhakikisha, bali kwa raha tu.

Basi ikawa ni kuchagua, kwa sababu vyote kwa pamoja vilikuwa nje ya uwezo wetu. Ukichukua diski kubwa, kitu kingine kishuke. Meneja alipendekeza nibaki na skrini pana na kumbukumbu kubwa, nichukue diski ya kawaida, halafu niibane picha ili itoshe. Kwa mteja wa harusi lilikuwa shauri zuri. Lakini picha ikibanwa, vinavyotupwa kwanza ni vitu vyembamba, na mimi nilikuja kwa ajili ya kitu chembamba. Nikaachana na skrini pana, nikaachana na spika, nikashuka kwenye prosesa ya mwaka uliopita. Diski nikachukua mbili, ndogo ya programu na ile ya tisa. Kumbukumbu nikachukua megabaiti sitini na nne, nikasisitiza ziwekwe kwenye nafasi chache kadiri inavyowezekana, nafasi nyingine zibaki wazi. Fundi aliuliza kwa nini. Nikamwambia mkeka naweza kuongeza kipande baadaye, ghala siwezi kulipanua likishajaa.

Nilimpigia Mama simu kutoka kaunta. Nikamwambia itakuwa mashine yenye skrini ndogo, sura yake haivutii hata kidogo. Akaniuliza swali moja tu: "Unauona?" Nikamjibu nauona. Akasema basi njoo nayo.

Diski kubwa niliipakata mwenyewe kwenye basi, nimeizungushia khanga mbili, kwa sababu fundi alinionya juu ya mitikisiko. Abiria wa jirani alidhani nimebeba mtoto mchanga, akawa ananisogezea nafasi.

Sitadanganya kwamba kazi ilikwenda kama maji. Mashine ilikataa kupokea kipande kinachozidi dakika chache, kwa hiyo nililazimika kuingiza picha vipande vipande na kuviunga. Gigabaiti tisa, nilizodhani ni bahari, zilijaa kabla sijafika nusu ya kanda zangu, maana kwa ubora niliokuwa nautaka zilichukua chini ya saa moja tu. Nikajifunza kutazama kwanza kwenye deki, kuamua, ndipo niingize ninachokihitaji. Nadhani mkanda ule ulikuwa mzuri kwa sababu ya ufinyu huo. Umeme ulipokatika nilipoteza kazi ya asubuhi nzima, nikaanza tabia ya kuhifadhi kila baada ya mikato miwili mitatu. Na nilipofika kwenye maandishi, ya Kiswahili juu na ya Kisukuma chini, mashine ikaanza kukohoa, sentensi moja inachukua muda wa kupika chai. Fundi wa Mwanza alinitumia kipande cha kumbukumbu kwa dereva wa basi. Nilifungua kasha kwa bisibisi, Mama akinishikia tochi, nikakibonyeza kwenye nafasi niliyoiacha wazi mpaka kikalia. Nilipowasha, kikohozi kilikuwa kimekwisha.

Tulikwenda Nyarugusu sote wawili, kwa pikapu ya duka. Mama alikataa kabisa kubaki. Kibanda cha video kilikuwa cha magunia na mabati, jenereta inanguruma nyuma, na mchana ule kilijaa vijana weupe kwa vumbi la mawe. Wengine walikuja wakidhani ni filamu ya ngumi. Mwenyekiti aliwaambia ngumi zitafuata.

Walipiga kelele mwanzoni, wakitajana kila walipomwona wanayemfahamu. Mzee wa matimba alikuwa ameketi benchi la mbele amevaa koti. Taa ilipoanza kutembea ukutani kelele zilipungua. Ilipofika kwenye kona, kijana mmoja nyuma alisimama.

"Rudisha hapo," alisema.

Mwenye kibanda akarudisha. Kijana akasogea mbele, akaomba irudishwe tena. Kisha akamwambia mwenzake, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba ufa kama ule uko kwenye duara lao, upande wa kushoto, na wao walikuwa wanautundikia taa.

Mzee wa matimba aliinuka, akaenda hadi kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya kioo, akaanza kuwaeleza ufa unavyotembea, unakoanzia, gogo la kwanza linavyokaa. Alisahau kabisa kwamba sauti yake ilikuwa inaeleza hayohayo kwenye mkanda. Walimsikiliza yeye na picha kwa pamoja. Filamu ya ngumi ilichelewa sana siku ile, na wale vijana wawili hawakuisubiri; walitoka na mzee kwenda kwenye duara lao, na wengine wakawafuata wamebeba magogo.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono imenitulia. Nilikuwa nimepiga harusi nyingi na nimesifiwa sana, lakini sikuwahi kuhisi kama nilivyohisi pale, kwamba kitu nilichokichagua mimi, kwa akili yangu, dhidi ya mashine nzuri iliyokuwa inang'aa, kimefika mahali kilipotakiwa.

Baadaye wanawake walitukaribisha chai nyuma ya karasha lao, mashine ya kuponda mawe. Mmoja alimuuliza Mama, kwa Kisukuma, ni nani aliyetengeneza picha zikawa wazi namna ile, ni mzungu wa wapi. Mama aliweka kikombe chini, akafuta midomo kwa ncha ya sari yake, akanielekeza mkono.

"Ng'wana wane," alisema. Mwanangu.

Akachukua tena kikombe chake, akaendelea kunywa chai.