Afadhali Ningekuwa Jirani Yako

Mwaka ule mdogo wangu na rafiki yangu walijifungua wiki moja. Mdogo wangu alikuwa anakaa kwangu, chumba kimoja kule mtaa wa Jericho, maana mwanamume aliyempa mimba alihama bila kuaga. Rafiki yangu alikuwa mlango wa pili, mumewe dereva wa lori, mtu wa safari. Mimi niliuza mboga sokoni, na mwezi mzima nilizunguka kati ya milango ile miwili, sikai huku, situlii kule.

Kwa rafiki nilibisha hodi. "Umeamkaje, mama? Nikuletee uji, au umechoshwa na uji?" Akisema hautaki, nilimletea chai. Nilimfulia nepi nikiimba. Mtoto wake akilia, nilingoja mpaka mwenyewe anipe.

Kwa mdogo wangu niliingia tu. Niliweka bakuli la uji wa wimbi mbele yake nikasema, "Kunywa uishe." Mara kwa mara nilimnyang'anya mtoto, eti hajui kumshika. Nepi zake nilizifua pia, tena nyingi zaidi, huku nikimkumbusha shule aliyoiacha na jinsi mama yetu alivyolia kule nyumbani magharibi. Nilimpenda. Nadhani ndiyo maana sikuweza kunyamaza. Kosa lake lilinichoma kama langu. La rafiki yangu hakuna ambaye angekuja kuniuliza.

Asubuhi moja moyo ulikataa kutulia. Nikamwachia mwenzangu meza ya mboga, nikarudi nyumbani. Chumba kilikuwa kitupu. Blanketi la mtoto halipo, beseni halipo. Nikakimbia hadi steji ya matatu, nikarudi, nikauliza wanawake waliokuwa wakiteka maji mferejini. Wakatazamana. Ndipo nikasikia kilio cha mtoto wake, kikitoka kwa rafiki yangu.

Nilisukuma mlango. Walikuwa wameketi kitandani, wote wawili wananyonyesha, wanacheka.

"Unafanya nini huku?"

"Nimehamia," mdogo wangu akasema.

"Kwangu umekosa nini? Si nakupikia? Si nakufulia?"

"Unafanya yote, dada." Hakunitazama. "Lakini afadhali ningekuwa jirani yako."

Rafiki yangu akanivuta nikae.

"Mwache kidogo," akasema. "Mimi sina la kumgombeza kwa sababu si wangu. Mdogo wangu wa tumbo moja nilimfukuza hapa Krismasi, kisa sufuria iliyoungua."

Mdogo wangu alikaa huko wiki tatu. Kila asubuhi nilimpelekea uji, na kwa kuwa ilikuwa nyumba ya watu, nilijikuta namuuliza alivyoamka. Wakati mwingine alinijibu, wakati mwingine alimgeukia mtoto, nami nikarudi sokoni nikiwa na mengi mdomoni.

Kisha dereva akarudi kutoka safarini na mdogo wangu akarudi kwangu. Siku mbili nilikuwa mpole hata nikajishangaa. Siku ya tatu nikaona mtoto yuko kichwa wazi. Nikafungua mdomo. Nikatoka uani, nikafunga leso, nikaifungua, nikaifunga tena, nikarudi ndani.

"Nimfunike?" nikauliza.

Akamgusa shingoni. "Hapana, dada. Anasikia joto."

Mimi niliona baridi. Nikaketi, nikaikalia mikono yangu.