Nguva wa Ziwa la Barafu

Jumamosi nilikuwa nikingoja zamu yangu katika ofisi ndogo ya safari hapa ughaibuni, mtaani Schaerbeek. Mbele yangu walikaa mume na mke, wastaafu, Wakongo wa Kalemie, mji wa kando ya ziwa; papa na maman, kama tunavyowaita wazee wa kwao. Papa alitaka wiki moja ya theluji milimani, na tayari alikuwa amevaa kofia mpya ya sufu.

Binti wa kaunta, Mrundi mchangamfu, akawaonyesha karatasi ya matangazo yenye picha ya ziwa lililoganda na maelezo yake.

"Hapa, maman, watu wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma. Na kuna hadithi nzuri! Chini ya ziwa anaishi mwanamke mwenye nywele ndefu. Anavuta wanaume."

Maman akaifunika picha kwa mkoba wake.

"Mamba muntu," alisema. Ndivyo wanavyomwita nguva kwao. "Kwetu Kalemie yuko pia. Lakini sisi hatuendaka kucheza juu ya nyumba yake na visu ku miguu!"

"Ni hadithi tu, maman."

"Bon. Kama ni hadithi tu, kwa nini muliiandika ku hii papier?"

Papa akavua kofia polepole, akaipakata kama mtoto mgonjwa. Mkewe akamtazama, akalegea.

"Alors, tutaenda. Lakini utacheza ku mulima. Mamba muntu hapandaka mulima."

Papa akanyakua kalamu, akatia sahihi upesi, kabla mkewe hajakumbuka kwamba hata milima ina wenyewe.