Uzi wa Asankul

Asankul alichelewa kutembea, na sisemi alichelewa kwa miezi. Wenzake walikuwa tayari wanapanda punda na kuiba aprikoti za jirani, yeye bado anabebwa mgongoni kama gunia la viazi. Nyonga yake ya kushoto haikukaa mahali pake tangu alipozaliwa. Alipotimiza miaka mitatu mama yake alimpeleka hospitali ya Frunze, kama Bishkek ilivyoitwa siku zile, akafungwa plasta kuanzia kifuani mpaka kwenye vidole vya miguu. Mama akaambiwa arudi kijijini, kwa kuwa mzazi hakuruhusiwa kulala wodini. Mtoto alikaa huko mpaka lugha ya nyumbani ikamtoka, na siku mama alipokuja kumchukua alimgeuzia uso na kumlilia nesi. Hayo alisimuliwa ukubwani. Alichokumbuka mwenyewe ni kimoja tu, mgongo wa mama yake katika koti la kijivu, ukienda zake kwenye korido ndefu bila kugeuka.

Ndiyo maana hakukatiwa uzi. Kwa desturi ya kwao, mtoto akishapiga hatua za kwanza, miguu yake hufungwa kwa uzi uliosokotwa, mweusi kwa mweupe. Majirani hualikwa, watoto hushindana mbio, na anayefika wa kwanza huukata uzi kwa kisu, akamshika mtoto mkono na kumtembeza, kisha hupewa zawadi anayoidai. Njia ya mtoto hapo imefunguliwa. Asankul alisimama akiwa amekaribia umri wa shule, na mama yake aliona haya kuwaita watu waje kumtazama jitoto zima likifungwa uzi kama mtoto mchanga. Jambo likaahirishwa, na mambo yanayoahirishwa tunajua yanakoishia.

Alikua, akachechemea, akasoma, akawa mwalimu wa kazi za mikono katika shule ya kijiji, upande wa kusini wa ziwa Issyk-Kul. Akamwoa Burulcha, fundi wa mazulia ya sufu, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo laini. Burulcha aliwaambia mashoga zake kwamba amechagua mume asiyeweza kumkimbia. Maneno hayo yalimfikia Asankul, akacheka kuliko waliomletea.

Alipostaafu hakuweza kukaa bure. Kando ya ziwa palikuwa na kambi ya zamani ya watoto, madirisha yamevunjika na mbuzi wanalala katika ukumbi wa chakula. Alikwenda kuomba ufunguo, akaambiwa ufunguo haupo maana hata mlango wenyewe haupo. Akafukuza mbuzi, akatengeneza mlango, na kiangazi kilipofika akatangaza kwamba anayetaka mtoto wake arudi na mikono michafu na kichwa chenye kazi amlete.

Mwanzoni walikuja watoto wachache, wengine kwa sababu nyumbani walikuwa wamewachosha watu. Kiangazi kilichofuata vitanda havikutosha. Walitengeneza jiko la kuchemsha chai kwa jua, taa za mitungi ya jemu, redio zilizokoroma kuliko kusema. Burulcha aliwafundisha kushindilia sufu na kuipaka rangi kwa maganda ya vitunguu na ya kokwa za jozi, akawaeleza kwa nini rangi hushika maji yakichemka na kukataa yakiwa vuguvugu. Ukutani watoto waliandika kwa herufi zisizolingana sheria pekee ya kambi ile: KIKIGOMA, KIFUNGUE. Asankul alikuwa akiirudia kutwa nzima. Pampu ikigoma, usiipige teke, ifungue. Saa ikigoma, ifungue. Mkate ukigoma kuumuka, basi mwulize Burulcha, maana huo ukiufungua umeuharibu.

Lakini mganga hajigangi. Nyonga yake ilikuwa inazidi kuharibika, na mguu wa kulia, ule mzima, ukaanza kuuma kwa kubeba kazi ya ndugu yake. Binti yao Aizada, aliyekuwa akiishi Bishkek, alimtafutia daktari. Daktari akasema nyonga inaweza kubadilishwa, na mwaka wa tatu akaonya isivuke majira ya baridi yanayokuja, vinginevyo kiangazi kijacho mzee atakuwa wa kitandani. Kila mtu alijua maana ya hilo. Hapakuwa na mwingine wa kuiendesha kambi, na Asankul akilala, mbuzi wangerudi ukumbini. Kitanda cha hospitali kilishawekwa tayari zaidi ya mara moja. Mara hii aprikoti hazijachumwa, mara viazi havijachimbwa, mara paa linavuja. Ukweli hakuusema kwa mtu. Alikuwa anaogopa. Mwanamume mwenye mvi, aliyewahi kushika umeme kwa mikono yote miwili akabaki anacheka, aliogopa korido.

Kiangazi cha mwaka huo watoto waliamua kutengeneza mtoto wa farasi anayetembea. Kiongozi wao alikuwa Nurzada, msichana wa miaka kumi na mmoja, nywele mikia miwili, ulimi hauna breki. Walipata mota ya waipa kutoka kwenye gari kuukuu la Moskvich lililokuwa linaozea nyuma ya msikiti, mbavu wakazikunja kwa waya, miguu kwa mbao za masanduku ya matunda. Burulcha aliahidi ngozi ya sufu ya kahawia. Jina wakampa kabla hajawa na kichwa, wakamwita Toru.

Siku ya kumjaribu walimpeleka ufukweni, wakaunganisha betri. Toru alitetemeka, akapiga hatua moja, ya pili, akaegemea kushoto, akaburuta mguu na kuanguka kifudifudi. Wakamwinua. Akaenda vilevile na kuanguka vilevile. Asankul aliinama juu ya fimbo yake kutazama vizuri. Mwendo ule aliujua. Aliuliza walipima hatua za nani.

Watoto wakatazama viatu vyao. Nurzada ndiye aliyejibu.

"Tulikupima wewe, mwalimu."

"Mimi ni farasi?"

"Farasi wote wako malishoni mlimani mpaka baridi irudi. Na wewe ulisema tusitengeneze kitu kabla ya kukitazama. Kila asubuhi ukienda kunawa ziwani unaacha nyayo kwenye mchanga. Tukazipima kabla maji hayajazifuta. Watu wawili wakifuatana si ndiyo miguu minne?"

"Na hamkuona kwamba mguu mmoja unaburuta?"

"Tuliona. Tukasema mwalimu hakosei, lazima ana sababu yake."

Asankul alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na watoto, walipoona hawakukaripiwa, wakacheka naye. Kisha kicheko kikamwisha yeye peke yake. Walikuwa wameshamlaza Toru ubavu na kutoa bisibisi. Hakuna aliyewaambia la kufanya, sheria ilikuwa ukutani na wanaijua. Nurzada aliuchokoa mguu wa nyuma wa kushoto, akautikisa juu chini, akatingisha kichwa kama fundi wa siku nyingi.

"Nyonga ndiyo mbovu," alisema. "Tukiiacha hivi itaua na mguu wa pili."

Maneno yaleyale aliyatamka daktari, ila daktari alitumia mengi zaidi na sauti ya upole. Asankul aliinuka, akaenda kusimama majini na viatu vyake, akalitazama ziwa. Aliporudi, watoto walikuwa wamekwisha kuweka bawaba mpya iliyotoka kwenye mlango wa kabati la jikoni, na Burulcha alikuwa anatafuta nani kaharibu kabati lake.

Burulcha alisamehe kabati, akakaa kumshonea Toru ngozi. Asankul alikuwa karibu naye anamenya vitunguu.

"Kidude cha mbao kimetibiwa siku mbili," mke alisema bila kuinua macho. "Wewe mwaka wa tatu unasubiri viazi."

"Viazi havijichimbi, mama."

"Wala kaburi halijichimbi, lakini huchimbwa."

Akaona limemwingia mumewe kuliko alivyokusudia. Akamkatia kipande cha mkate, akakipaka jemu ya aprikoti na kumwekea mkononi.

Siku ya kufunga kambi wazazi walikuja na vitu vyao, wengine na vimandazi vya boorsok, wengine na maziwa ya farasi yaliyoteremshwa mlimani asubuhi ileile. Watoto walimleta Toru akiwa amevaa sufu yake, shanga shingoni za kumkinga na jicho baya, na miguu yake ya mbele imefungwa uzi mweusi kwa mweupe. Hakuna aliyewafundisha hilo. Kwao ilikuwa wazi kwamba kiumbe kinachoanza kutembea hukatiwa uzi, kiwe cha nyama, kiwe cha mbao.

Mbio zikapigwa kutoka kwenye mti mmoja wa mpopla uliopigwa radi, hadi alipo Toru. Wakubwa walipigana vikumbo wenyewe kwa wenyewe wakaanguka, na mshindi akawa Bektur, mdogo kuliko wote, aliyefika akiwa na kiatu kimoja. Akaukata uzi kwa kisu cha Asankul, akadai zawadi yake hapohapo: mwakani alale kitanda cha dirishani.

"Umekipata," Asankul alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Mkata uzi hanyimwi."

Toru akawashwa. Alitembea kwa ugumu, kama mzee aliyevaa viatu vipya, lakini alikwenda moja kwa moja, hakuegemea upande wowote, na angeingia ziwani kama Nurzada asingemkamata mkia. Wazazi walipiga makofi. Asankul alikuwa anapangusa macho na kusingizia moshi wa jiko, na jiko liko upande wa pili wa upepo.

Bektur, aliyekuwa bado ameshika kisu, akamtazama.

"Mwalimu, na wako alikata nani?"

Angeweza kusema uongo mdogo, na siku nyingine angeusema. Lakini alikuwa amechoka na amefurahi, na hali hizo mbili zikikutana mtu hujikuta anasema kweli.

"Wangu haujakatwa," alijibu. "Si mnaona ninavyokwenda?"

Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Watoto walitazamana. Nurzada aliingiza mkono mfukoni, akatoa uzi uliobaki kwa Toru, akapiga magoti mbele ya mwalimu wake na kuanza kumfunga vifundoni. Asankul alisema aache upuuzi, mtu mzima hafungwi uzi. Hakuacha. Mama mmoja akaleta kiti, mzee akakalishwa, na watoto wakakimbia kurudi kwenye mti wao kujipanga.

Burulcha alikuwa jikoni anatoa boorsok kwenye mafuta. Alisikia kelele, akatoka na unga mpaka viwikoni, akaona mume wake ameketi kitini amefungwa miguu kama mwana-kondoo na uso mwekundu. Alichukua kisu cha mkate, akakiingiza kwenye mkanda wa aproni, na akiwa amevaa mabuti yake ya mpira akaanza kukimbia. Mpaka leo watoto wanabishana juu ya mbio zile. Wapo wanaosema alianza kabla ya wakati, wapo wanaosema hakuanzia mtini bali katikati ya njia, na Nurzada anaapa kwamba alipigwa kumbo. Wasiyoyasema ni kwamba walipomwona wote walipunguza mwendo.

Alifika anahema, akainama, akaukata uzi kwa mpigo mmoja. Halafu hakusimama. Alibaki pale chini, mkono wenye unga juu ya goti la mumewe.

"Nadai zawadi yangu," alisema. "Mkata uzi hanyimwi. Umetamka mwenyewe mbele ya watu."

Asankul alidhani atataka kabati jipya. Akamwambia aseme.

"Jumatatu twende Bishkek. Nimeshamwambia Aizada."

Mzee alifungua mdomo, na kila mtu aliyemjua alijua viazi vinakuja.

"Sijamaliza," Burulcha alisema, na sauti ikashuka hata walio nyuma hawakusikia. "Nitakaa na wewe wodini. Wakinitoa wodini nitakaa kwenye korido, wakinitoa kwenye korido nitasimama dirishani. Mgongo wangu hutauona, Asankul."

Katika miaka yote ya ndoa yao Asankul hakuwahi kumwambia habari ya lile koti la kijivu. Au labda aliwahi, usingizini. Alimtazama mkewe, unga usoni, nywele zimetoka kwenye kitambaa, na akaona kwamba hofu aliyokuwa akiificha kama mwizi ilikuwa imeshajulikana siku nyingi, na ilikuwa imesubiriwa kwa subira na mtu asiye na subira ya kitu kingine chochote duniani.

"Haya," alisema. "Jumatatu."

Akampa mkono. Burulcha akamwinua na kumtembeza, kama inavyotakiwa, hatua za kwanza za mtu aliyekatiwa uzi, polepole kuelekea majini, mguu wa kushoto ukichora mchanga kama kawaida yake. Nyuma yao alikuja Nurzada ameinama, na kamba yake ya kupimia.

"Mwalimu, usiharakishe," alisema. "Nazipima hizi, ili mwakani tulinganishe."

Asankul akapunguza mwendo apimwe vizuri.