Maji ni kwa Wasio na Ng'ombe

Nilipofika nyumbani, nje kidogo ya Ikungi, ng'ombe ndio walikuwa wanarudi na jua bado kali, lakini mama alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Vijidudu vimeingia kwenye figo, ndivyo walivyosema hospitali, wakampa vidonge. Vidonge vinapungua, homa ndiyo kwanza inapanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiyo dawa yenu ni feki," akasema. "Kesho namwachisha, nikamtafutie mizizi."

Nikamwomba anioneshe anavyompa. Akaingia zizini, akakamua mwenyewe, akarudi na kibuyu cha maziwa ya moto moto. Akamwinua mama taratibu, kidonge mkononi.

"Baba, hospitali walisema anywe na maziwa?"

"Walisema maji. Maji ni kwa wasio na ng'ombe."

Jamani! Hasira zangu ziko karibu, ukoo mzima unajua. Lakini baba hafokewi. Nikamshika mkono tu, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamvuta nje. Nafundisha baiolojia sekondari mjini Singida, kueleza nimezoea, ila si huku namsikia mama yangu akigonganisha meno.

Nikachukua kamba yake ya kufungia ndama, ya nyuzi mbili zilizosokotwa. "Shika huku, usiachie." Nikaanza kuzitenganisha nyuzi kutokea upande wangu. Mbele ya vidole vyangu kamba ikajikaza, ikajikunja, ikagoma.

"Ndani ya kijidudu kuna DNA, maelekezo yake yote ya kuishi, na imesokotwa hivi," nikasema. "Hakizai mpaka kiinakili, na hakiinakili mpaka kiitenganishe. Ikijikaza, kina protini yake inayoikata, inaiacha ilegee, halafu inaiunga. Dawa inaivizia hiyo protini ikiwa imeshakata, inaigandisha palepale. Haiungi wala haiondoki. Mtambo wa kunakili unakuja mbio, unaigonga, unasimama. Hapo hakizai tena, kinakufa."

Baba aliitazama kamba. "Sasa maziwa yamekosa nini?"

"Yana yale madini ya kujenga mifupa. Yanaikamata dawa tumboni, nyingine inatoka bure bila kufika kwenye damu. Vijidudu kule kwenye figo vinazaliana tu."

Mama akaguna ndani. Niliogopa sana. Baba akishaudhika hasikii la mtu, na dawa ikiachwa, tunamzika mama.

"Kwa hiyo namuua mimi," akasema.

"Sikusema hivyo, baba."

"Umesema."

Akakichukua kibuyu, akaondoka bila kugeuka. Nikajua nimeharibu. Kumbe alikwenda mtungini. Akarudi na kikombe cha maji, akaingia kwa mama, akampa kidonge.

Asubuhi tulimrudisha hospitali, wakamwongezea muda wa dawa. Safari hii homa ilishuka, ikashuka kabisa. Alipoweza kukaa, baba akiwa malishoni, nikamgombeza.

"Na wewe mama, si ulikuwepo waliposema maji? Mbona ulinyamaza?"

Akageukia ukutani.

"Hayo maziwa yenyewe yalikuwa yananitia kichefuchefu," akasema. "Lakini tangu niolewe hapa, ndiyo mara ya kwanza baba yenu kunishikia kibuyu ninywe. Ningekataaje?"