Screen saver ya dimension nne ilivyotaka kunipotezea majina ya watoto wa kambini

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, ilinikuta mwenyewe Ngara, miaka ile ya wakimbizi.

Nilikuwa mchapaji kwenye ofisi moja ya misaada karibu na Nyamiaga. Naingiza kwenye kompyuta majina ya watoto waliopotezana na wazazi. Aliyenisomea fomu ni Mwalimu Deo, mkimbizi toka Burundi. Kwao alifundisha hesabu.

Kompyuta ilikuwa na screen saver ya ajabu. Mchemraba ndani ya mchemraba, unajipindua, wa ndani unatoka nje, wa nje unaingia ndani. Mimi nilidhani ni virus.

Mwalimu akanielewesha. Ukimulika sanduku, lenye urefu, upana na kimo, kivuli chake ukutani kinakuwa bapa. Basi kitu cha dimension nne, ambacho macho yetu hayakiwezi, kivuli chake ndicho kile.

Siku hiyo tulikuwa tumemaliza kurasa kumi na mbili. Fomu zilisharudi Kanazi kwenye kituo cha watoto. Saa nane gari liondoke na orodha, wazazi wakasomewe kambini Biharamulo.

Kabla ya ku-save, nikaingia kwenye settings za ile screen saver. Pale unachagua umbo, spidi, idadi ya mistari. Mwalimu akashauri tujaribu umbo kubwa zaidi. Nikapandisha kila kitu mpaka mwisho.

Mashine ikaganda.

Nikatafuta swichi niizime, Mwalimu akanizuia.

"Usizime. Tazama mstari ule, umesogea."

Kweli, kila baada ya dakika kadhaa umbo lilisogea kidogo. Mashine ilikuwa imezidiwa na mahesabu tu.

Saa sita mlinzi akaja kuzima jenereta, ndiyo ratiba, mafuta yalikuwa ya shida. Nikamwomba asubiri. Akasema hana ruhusa, niende kwa bosi.

Bosi wetu, Mama Koku, alikuwa mkali haswa. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa woga. Nikaeleza yote. Mwalimu akadakia kwamba kosa ni lake. Nilijua akiaminiwa, hatakanyaga tena ofisini.

"Hapana mama," nikasema. "Aliyebonyeza ni mimi."

Mama Koku akamwambia mlinzi asizime, kisha akavuta kiti, akakaa nasi. Mimi nilikuwa nasikiliza jenereta tu, kila likikohoa naitazama skrini.

Saa saba na nusu umbo likapotea, majina yakarudi. Nika-save, tuka-print, gari likaondoka.

Kesho yake dereva akatusimulia: mama mmoja alisikia jina la bintiye, akakaa chini palepale, akaomba lisomwe tena.

Wiki iliyofuata watu wa kambi ile wakaanza kurudishwa kwao. Gari letu halikwenda tena huko.

Funzo: save kwanza, mengine baadaye. Na ukiharibu, kaseme mwenyewe mapema.

Mliokuwa Ngara au Biharamulo enzi hizo, uwanja ni wenu. Hasa mliopotezana na ndugu: mlionana vipi?