Farao wa Chumba cha Pasi

Shemeji yangu ni dobi, na kwa dobi huyu hakuna mteja anayeingia peke yake. Ukisukuma mlango asubuhi umenuna, atakutazama, ataisimamisha pasi yake, kisha atasema, "Leo umekuja na Yona. Unakimbia nini?" Wageni hudhani ana walakini. Wateja wa zamani hujibu tu, "Namkimbia bosi," wakavuta stuli.

Mimi ni mdogo wa mkewe. Nakaa mezani pale mbele, naandika namba kwenye vipande vya kitambaa na kuvibana kwenye nguo kwa pini, ili suruali ya daktari isiende kwa fundi bomba. Kwa hiyo mafundisho yake nimeyasikia mpaka ningeweza kuyaimba. Anasema watu wa Biblia tusiwasome kama majirani waliohama zamani. Kila mmoja ni hali ya moyo, na wote wanaishi ndani ya mtu mmoja, wanapokezana zamu. Martha ni ile saa unahangaika na sufuria hata mgeni humsikii. Tomaso ni ile saa huamini mpaka uguse. Misri ni mazoea yanayokulisha huku yamekufunga. "Usiniulize alikuwa nani," husema akinyunyiza maji kwenye shati. "Niulize anaamka lini ndani yako."

Usicheke, inasaidia. Mwalimu mmoja wa kike alikuja kutufokea kwa sababu ya kifungo kilichopotea. Shemeji akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, huyo ni Petro. Anakata sikio kwanza, kufikiri baadaye. Mpe maji anywe." Mwalimu akanywa yeye, akacheka, akakumbuka kwamba kifungo kilidondokea kwake nyumbani.

Lakini kinyozi hajinyoi. Shemeji ana mtoto mmoja tu, binti, aliyesomea kupima maji, kujua yapi yananyweka na yapi yataleta maradhi. Mwezi uliopita akapata kazi kwenye mamlaka ya maji ya mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Aripoti Jumatatu ya wiki inayofuata, asipofika nafasi apewe mwingine. Sote tulifurahi. Ila binti alisema jambo moja, na kwa ukaidi amemrithi baba yake: "Siondoki bila ruhusa ya baba."

Baba akatoa ruhusa, tena kwa moyo mkunjufu, jioni ya Jumatatu. Jumanne asubuhi akasema tusubiri kidogo. Jumatano jioni, dada yangu alipokataa kumsemesha, akasema basi, aende. Alhamisi asubuhi akauliza kama kuna mtu anayejua ule mji una watu wa namna gani. Binti akapakia begi, akapakua, akapakia. Ukimuuliza shemeji nani ameamka ndani ya binti yake, jibu lilikuwa tayari. "Mwana mpotevu," alisema, na pasi ikaenda mbele kwa hasira.

Mchana wa Alhamisi hiyo akaja nesi kuchukua gauni zake za kazi. Alikuwa amechoka, akamwaga yaliyomo moyoni. Mkubwa wake wa zamu humruhusu likizo leo, kesho anaifuta, na ni mara ya tatu sasa.

"Huyo naye ni nani kwenye Biblia yako?"

Shemeji akachangamka. Swali tamu humfanya apige pasi taratibu.

"Huyo ni Farao. Na Farao si mbaya kama mnavyomsema. Mambo yakimbana, jioni anasema nendeni. Kukicha, amepata nafuu, anauliza mnakwenda wapi. Si kwamba anawachukia. Hajui atakuwa nani wakishaondoka, na hofu hiyo anaiita busara. Tena ukimwangalia vizuri..."

Macho yake yakaganda ukutani, pasi ikabaki palepale juu ya kitambaa. Harufu ilinifikia mimi kwanza.

"Shemeji, pasi."

Akainyanyua, akiwa amechelewa. Kwenye kitambaa cheupe palibaki umbo la pasi, la kahawia, limekamilika kama picha. Miaka ishirini na miwili hajawahi kuunguza hata leso.

"Hilo gauni ni langu," nesi akasema kwa upole.

Shemeji hakumsikia. Alinigeukia mimi. "Jumatatu nilisemaje?"

"Ulisema aende."

"Na Jumanne?"

"Asubiri. Jumatano aende, leo asubuhi watu wa mji ule hatuwajui."

"Na ukaniacha tu?"

"Sikukuacha. Nilikuambia nyani haoni kundule, ukadhani namsema mteja."

Tulimwahidi nesi gauni jipya. Shemeji akafunga duka mapema, akaenda nyumbani, akamketisha binti yake. "Nenda, mwanangu. Na nikiamka na maneno mengine, usinisikilize, atakuwa amerudi yule." Dada yangu, ambaye amekaa na mtu huyu muda wa kutosha, akasema, "Tutaona kukicha."

Ijumaa ikapita salama. Jumamosi akamuaga binti mlangoni, akasema stendi hataiweza. Tukaenda sisi watatu. Begi likapakiwa, binti akakaa dirishani, na kabla dereva hajapanda nikaiona baiskeli yetu ya kupelekea nguo inakuja mbio, shemeji juu yake, shati limemtoka kwenye suruali.

"Dada," nikasema, "magari ya Farao hayo."

Dada hakucheka. Binti alikwisha kushika mpini wa begi dogo, tayari kushuka.

Shemeji akaishika fremu ya dirisha, anahema. "Nilikuja kukurudisha," akasema. "Nimetoka nyumbani na maneno yote mdomoni. Kufika darajani nikasimama, nikajiuliza ni nani huyu anayekanyaga baiskeli. Nikamjua."

"Halafu?"

"Halafu nikaja kukuaga."

Binti alimtazama sana. "Unaogopa nini, baba?"

"Nyumba. Naogopa itakuwa kubwa."

Binti akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake. Hakusema atabaki, hakusema atakuja kila mwezi. Dereva akapanda, injini ikawaka, basi likatikisika, na shemeji bado ameshika. Dada yangu alikuwa anautazama mkono ule, na mimi pia, na nadhani hata abiria wa kiti cha nyuma. Basi likaanza kusogea naye akatembea nalo hatua tatu, nne.

Akaachia.

Akabaki amesimama kwenye vumbi, mikono haijui iende wapi. Nikamwambia twende, mashuka ya nyumba ya wageni yanatungoja. Akasema, "Nilie kwanza, shemeji." Dada akamsogelea, na tukalia wote watatu bila haraka.